Siku Saba Zisiwe Kumi

Katika mikutano ya vijiji na mitaa ambayo tumepata kuhudhuria kwa miaka mingi, yanapofikiwa mazungumzo ya uzazi wa majira, maswali huwa ni yale yale. Mmoja huuliza kama vidonge huleta ugumba. Wa pili huuliza dini inasemaje. Wa tatu, aghalabu mwanamume aliyeketi nyuma kabisa, huuliza kama Serikali haitaki tena watu wazae, na mkutano mzima hucheka. Maswali hayo hujibiwa, mkutano hufungwa, wananchi hutawanyika. Ndipo mama mmoja hubaki nyuma, akijifanya anakaza kanga aliyombebea mtoto, akamsogelea muuguzi na kumnong'oneza: "Dada, pakiti yangu ilikwisha, nikachelewa kuanza nyingine. Je, nimeharibu?"

Leo tumeona ni wajibu wetu kulitoa swali hilo kwenye mnong'ono na kuliweka hadharani. Si swali la aibu, wala si la wanawake peke yao. Ni swali la nyumba nzima, na nyuma yake lipo tumbo la mama, afya ya mtoto anyonyaye na bajeti ya familia. Wahenga walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo hili methali hiyo imesema kweli kuliko ilivyokusudia.

Kwanza tuielewe pakiti yenyewe. Pakiti ya vidonge vya majira iliyozoeleka katika zahanati zetu ina vidonge 28. Kati ya hivyo, 21 ndivyo vyenye dawa, yaani homoni za aina mbili. Vile 7 vya mwisho, ambavyo kwa kawaida huwa na rangi ya kahawia, havina homoni hata chembe. Huwa na madini ya chuma ya kusaidia damu, na viliwekwa ili mama asiache desturi ya kumeza kidonge kila siku. Zipo pia pakiti za vidonge 21 tu, ambazo mtumiaji wake hupumzika siku 7 bila kumeza kitu kabla ya kuanza nyingine. Kwa vyovyote vile, kila mwezi mwili hukaa siku 7 bila dawa, na katika siku hizo ndipo damu hutoka.

Kazi kubwa ya dawa hii ni kuzilaza ovari ili zisipevushe yai. Dawa ikikosekana, ovari huanza kuamka. Haziamki kwa mara moja. Huamka polepole, siku hadi siku, na vifuko vya mayai huanza kukua. Wataalamu waliopanga mapumziko ya siku 7 walijua kwamba katika muda huo kuamka huko hakujafika mbali. Mama akianza pakiti mpya siku ya nane, ovari hurudi kulala. Akichelewa, kila siku anayoiongeza ni siku ya kuamka zaidi, na baadhi ya wanawake yai huweza kupevuka.

Mkulima ataelewa upesi. Mlinzi wa shamba la mahindi ameomba ruhusa ya siku 7. Ngedere wameona shamba halina mtu, na kila siku wanasogea. Siku ya saba wamefika kwenye ukingo wa shamba. Mlinzi akirudi siku ya nane, hukuta mahindi yamesimama. Akijiongezea siku 3 kwa kuwa ndugu zake wamemwomba abaki kidogo, asishangae atakayoyakuta.

Hapa ndipo penye kosa la fikra ambalo watu wengi wanalo. Wengi hudhani kwamba kidonge cha hatari kukosa ni kile cha katikati ya pakiti, kwa sababu pakiti imekwisha anza na mtu amevunja mfululizo. Kuhusu pakiti mpya husema: "Hii bado sijaianza, kwa hiyo sijakosa kitu." Mambo ni kinyume chake. Aliyekosa kidonge kimoja katikati, akiwa amekwisha meza vya kutosha kabla yake, ovari zake zimelala fofofo na siku moja haiziamshi. Lakini aliyechelewa kuanza pakiti mpya ameyarefusha mapumziko ambayo tayari yalikuwa yamefika ukomo wake. Vivyo hivyo aliyeacha vidonge vya mwisho vyenye dawa, kisha akaingia katika vya kahawia, ameyarefusha mapumziko yale yale kutoka upande wa pili. Hatari kubwa iko kwenye miisho ya pakiti, mwanzo wake na mwisho wake.

Si haki kuwasema wengine tukajificha sisi wenyewe. Mwaka 2012, katika masika ya mwezi wa Aprili, tulialikwa semina ya siku 5 mjini. Mtoto wetu wa nne alikuwa na umri wa mwaka 1 na miezi 2. Asubuhi ya safari mwenzetu wa nyumbani alisema, "Baba, vidonge vimekwisha. Nipe nauli niende zahanati." Fedha iliyokuwa mfukoni ilikuwa ya safari yetu. Tulimjibu jibu ambalo wanaume wengi wamepata kulitoa: "Ngoja nirudi." Tulirudi, barabara ikawa imekatika kwa mvua, na pakiti mpya ikaanza siku 4 baada ya siku yake. Usiku ule alimeza kidonge cha kwanza, nasi tukalala tukiamini kwamba mambo yamekuwa sawa. Hakuna aliyehesabu siku. Hakuna aliyesema habari ya kinga nyingine.

Mwezi wa Juni tulikuwa mbele ya muuguzi. Alituuliza tarehe, akahesabu kwa vidole, kisha akatutazama. "Ndugu Katibu," alisema, "siku nne ni nyingi. Na wewe mwezi uliopita ulisimama pale uwanjani ukatuhutubia juu ya uzazi wa majira." Hatukuwa na la kujibu. Mwenzetu alikuwa amepoteza damu nyingi katika uzazi uliotangulia, na mwili wake ulikuwa haujarudi. Mimba ile ilimpeleka hospitali kubwa kukaa kusubiri, mbali na watoto wengine. Alijifungua Januari 2013, na alipona kwa damu iliyotolewa na ndugu zake wawili. Mtoto yule ni mpenzi wa nyumba nzima, wala hatuandiki haya kwa kumjutia. Mtoto hana kosa. Kosa lilikuwa katika neno "ngoja", na neno hilo lilitoka kinywani mwetu.

Sasa tufike kwenye jibu la yule mama aliyenong'ona. Haya si maoni yetu. Ni maelekezo ya Shirika la Afya Duniani, ambayo wauguzi wetu hufundishwa.

Tuchukue mfano. Mama alipaswa kuanza pakiti mpya Jumatatu. Akianza Jumanne au Jumatano, amechelewa siku 1 au 2. Huyu ameze kidonge cha kwanza chenye dawa mara anapokumbuka, kisha aendelee na kimoja kila siku kama kawaida. Ikiwa vidonge vyake ni vile vya kawaida vyenye mikrogramu 30 hadi 35 za estrojeni, hatari yake ni ndogo, wala hana haja ya kinga nyingine. Lakini asifanye desturi.

Akianza Alhamisi au baadaye, amechelewa siku 3 au zaidi. Huyu naye ameze kidonge cha kwanza chenye dawa mara moja, wala asingoje kesho, na aendelee kila siku. Lakini kuanzia hapo, kwa muda wa siku 7, yeye na mumewe watumie kondomu au wajizuie, mpaka awe amemeza vidonge 7 vyenye dawa mfululizo. Muda huo ndio unaohitajika kuzirudisha ovari usingizini. Tena, ikiwa walikutana katika siku 5 zilizopita bila kinga, aende haraka kumwona mtoa huduma na kuuliza habari ya vidonge vya dharura. Vidonge hivyo hufaa hadi siku ya tano, lakini nguvu yake hupungua kila saa inayopita, na aendaye leo ana nafuu kuliko aendaye kesho. Sababu ya kuhesabu siku 5 ni kwamba mbegu ya mwanamume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke kwa muda huo ikisubiri yai. Kwa hiyo tendo la juzi, kabla ya pakiti kuanza, nalo limo katika hesabu.

Zipo nchi, Marekani mojawapo, ambazo huanza tahadhari hii ya siku 7 mapema zaidi, mtu akikosa vidonge vya siku 2. Shirika la Afya Duniani nalo husema siku 2 kwa vidonge vyenye estrojeni ya mikrogramu 20 au pungufu. Asiyejua vidonge vyake ni vya kipimo gani, au mwenye sababu kubwa ya kuepuka mimba, hatapungukiwa na kitu akiifuata hesabu iliyo kali.

Vidonge vya kina mama wanaonyonyesha vina hesabu nyingine. Hivi vina homoni ya aina moja tu, na pakiti yake haina vidonge vya mapumziko. Pakiti moja ikiisha leo, nyingine huanza kesho. Katika aina nyingi za vidonge hivi hesabu ya kuchelewa ni ya saa. Mama ambaye hedhi yake imekwisha rudi, akichelewa saa 3 au zaidi, ameze mara akumbukapo na atumie kinga nyingine kwa siku 2. Kwa sababu hiyo ni muhimu kila mama ajue jina la vidonge vyake na aina yake. Asiyejua, aende na pakiti mkononi akamwulize muuguzi.

Yapo makosa mengine ambayo tumeyasikia kwa masikio yetu, na tunaona tuyataje.

Kosa la kwanza ni kungoja hedhi. Wako wanawake wasioanza pakiti mpya mpaka damu ikome, na katika mwambao wetu wako wanaongoja mpaka watwaharike, kana kwamba kidonge ni ibada yenye sharti la twahara. Kidonge ni dawa. Siku yake ikifika humezwa, damu iwe inatoka, iwe imekoma, au iwe haikuonekana. Damu isipoonekana kwa mtu ambaye hakukosa kidonge, aghalabu si mimba. Mwenye shaka apime, lakini asisimamishe pakiti kwa kungoja. Hata akiwa na mimba bila kujua, hakuna ushahidi kwamba vidonge hivi humlemaza mtoto aliye tumboni.

Kosa la pili ni kulipa deni kwa mkupuo. Mama amechelewa siku 4, basi humeza vidonge 4 kwa pamoja ili awafikie wenzake. Hayo hayasaidii, na humletea kichefuchefu na kutapika. Siku zilizopotea zimepotea. Kinachotakiwa ni kuanza na kuendelea, na kutumia kinga nyingine mpaka siku 7 zitimie.

Kosa la tatu ni kinyume cha la pili, nalo ni kukata tamaa. Mama huona kwamba mwezi umekwisha haribika, akaamua kuiacha pakiti hadi mwezi ujao. Huyu ameyageuza mapumziko ya siku 7 kuwa ya majuma kadhaa, na mara nyingi mwezi ujao humkuta na mimba. Kuanza kwa kuchelewa ni bora kuliko kutoanza.

Kosa la nne ni kuhangaika kwa vidonge vya kahawia. Aliyesahau kimoja au viwili kati ya hivyo hakuharibu kitu. Avitupe alivyosahau, aendelee na vilivyobaki, na pakiti mpya aianze siku yake ile ile.

Katika malezi yetu, kuhesabu siku si jambo geni. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulikuta mama zetu, ambao wengi hawakujua kuandika majina yao, wakihesabu kwa usahihi ambao karani angeuonea wivu. Mjane alihesabu eda ya miezi 4 na siku 10. Mzazi alihesabu arobaini. Aliyekula siku za Ramadhani kwa ugonjwa au kwa hedhi alizijua siku anazodaiwa, na alizilipa kabla ya Ramadhani nyingine. Hesabu ya vidonge ni nyepesi kuliko hizo zote. Tofauti ni moja tu. Siku ya kufunga iliyokosekana hulipwa baadaye, katika siku yoyote iliyo halali. Siku ya pakiti iliyokosekana hailipiki.

Na kwa kuwa tumeitaja Ramadhani, tuseme jambo moja. Wako wanaomeza kidonge asubuhi, na mfungo ukifika huacha, wakinuia kuendelea baada ya Idi. Hilo halina lazima. Kidonge chaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku. Wakati wa kuhamisha, tahadhari ni kutozidisha saa 24 tangu kidonge kilichotangulia. Aliyemeza asubuhi ameze tena jioni ile ile, kabla mwezi haujaandama, na kuanzia hapo aifuate saa yake mpya. Kwa miezi mingine, wengi wameona faida ya kuifunga saa ya kidonge na jambo lisilosahaulika, kama vile sala ya Isha au taarifa ya habari ya redio ya saa 2 usiku.

Lakini tusidhani kwamba kila pakiti iliyochelewa imechelewa kwa usahaulifu. Hapa ndipo tunapotaka kusema na jamii nzima, maana kumlaumu mama peke yake ni rahisi, na ni dhuluma.

Iko sababu ya njia. Mama aliyepewa pakiti 1 hana budi kwenda zahanati kila baada ya siku 28, mvua isinyeshe au inyeshe, mtoto awe mzima au awe na homa. Katika mwaka hizo ni safari 13, na ni lazima moja au mbili zitakwama. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtumiaji asiye na matatizo aweze kupewa vidonge vya kumtosha hadi mwaka mzima. Inapowezekana kulingana na akiba iliyopo, mama apewe pakiti kadhaa kwa pamoja. Pakiti iliyo ndani ya sanduku lake ina faida kuliko iliyo kwenye rafu ya zahanati upande wa pili wa mto uliofurika.

Iko sababu ya siri. Wako wanaoficha pakiti ndani ya kopo la unga, au kwa mama zao, au kwa jirani. Siku ya kuanza ikifika, mume yuko nyumbani, jirani amesafiri, na kopo halifikiki. Siku inapita, na ya pili, na ya tatu. Mwanamume aliyeifanya nyumba yake kuwa mahali ambapo dawa hufichwa asije akashangaa dawa isipofanya kazi.

Iko pia sababu ya shughuli. Msiba umetokea ghafla, mama ameondoka usiku na kanga mbili, pakiti imebaki nyumbani. Harusi ya ndugu imechukua juma zima. Mambo haya ni ya utu wetu, wala hatusemi yaachwe. Tunasema pakiti nayo iwe miongoni mwa vitu vya kwanza kutiwa katika mkoba.

Takwimu zinaonyesha uzito wa mambo haya. Kati ya wanawake 1,000 wanaomeza vidonge bila kukosea kwa mwaka mmoja, takriban 3 ndio hupata mimba. Lakini kati ya wanawake 1,000 wanaovitumia kama watu wanavyovitumia katika maisha ya kawaida, pamoja na kusahau na kuchelewa, takriban 70 hupata mimba. Dawa ni ile ile. Tofauti kati ya 3 na 70 imo katika nauli, katika mvua, katika kopo la unga na katika neno "ngoja".

Kuna kisa cha kweli ambacho wanaume wangefaa kukijua. Vidonge hivi vilipoidhinishwa Marekani mwaka 1960 viliuzwa katika chupa, vimechanganyika kama njugu, na mwanamke alitakiwa kuzihesabu siku mwenyewe. Katika mji mdogo wa Geneva, jimbo la Illinois, mhandisi mmoja aitwaye David Wagner na mkewe Doris, ambao walikuwa na watoto 4, waliona taabu hiyo. Kila mara iliwabidi kuulizana kama kidonge cha leo kimemezwa. Wagner hakumgombeza mkewe. Aliandika siku kwenye karatasi, akaweka kidonge juu ya kila siku, ili wote wawili waone kwa mara moja kilichomezwa na kilichobaki. Baadaye akabuni kisanduku cha plastiki chenye kuonyesha siku, na mwaka 1964 akapewa hataza ya uvumbuzi wake. Pakiti za leo zenye mishale na majina ya siku zina asili katika karatasi ya mume aliyeona kwamba kukumbuka ni kazi yake pia. Hatuhitaji wote kuwa wahandisi. Yatosha kuuliza kwa upole, na kutoa nauli siku inapotakiwa.

Nchi yetu haikuanza jana katika jambo hili. Chama kinachojulikana leo kwa jina la UMATI kilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1959. Mwaka 1969, alipokuwa akiwaeleza wajumbe wa TANU Mpango wa Pili wa Maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere aliwakumbusha kwamba kuzaa tunashirikiana na wanyama, lakini kulea kwa kufikiri ni wajibu wa binadamu. Mwaka 1974 huduma za uzazi wa majira ziliingizwa katika kliniki za mama na mtoto. Msingi, basi, uliwekwa zamani. Kilichobaki ni mambo madogo ya kila siku, na wananchi huishi kwa mambo madogo ya kila siku.

Kwa hiyo tunatoa wito. Kwa wauguzi na watoa huduma: mnapompa mama pakiti yake ya kwanza, msimweleze namna ya kumeza tu. Mwelezeni pia la kufanya siku atakapochelewa, kwa maana siku hiyo itakuja. Mpeni na kondomu za akiba pamoja na vidonge. Mwenye shinikizo la damu, mvutaji wa sigara aliyepita miaka 35, na anyonyeshaye mtoto wa chini ya miezi 6, mpimeni na kumshauri kabla ya kumpa vidonge vya homoni mbili. Anayetumia dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini aelezwe kwamba hupunguza nguvu ya vidonge. Na mama aliyechelewa mara tatu, mara nne, asikemewe. Aonyeshwe njia nyingine zisizotaka kukumbukwa kila siku, kama vile sindano, vipandikizi au kitanzi, achague mwenyewe.

Kwa viongozi wenzetu wa mashina, matawi na vijiji: tusihutubie tu juu ya idadi ya watoto. Tuulize vidonge vimefika lini zahanati, na njia ikikatika vitapitaje. Kwa waume: nauli ya zahanati isingoje semina.

Na kwa kila nyumba inayotumia vidonge hivi, tunatoa kanuni moja ambayo sisi tuliinunua kwa bei kubwa. Kidonge cha kwanza cha kahawia ndicho kengele. Mama akikifikia, aulize, na baba aulize: je, pakiti nyingine imo ndani? Kama haimo, safari ianze siku ile. Toka kidonge cha kwanza cha kahawia mpaka cha mwisho ni siku 7, na siku 7 zinatosha kwenda zahanati na kurudi, hata katika masika.